Stendi ya baiskeli na mayai 24

Naam wadau, nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi. Wapo waliodhani nimeacha kazi, wapo waliodhani nimehama mji. Sijaacha kazi wala sijahama. Nilikuwa nahangaika na jambo dogo ambalo limenikaa kichwani kuliko habari zote nilizoandika mwezi huu. Stendi ya baiskeli. Ndiyo, kile kichuma kinachoishika baiskeli isianguke. Cheka tu, nakusubiri.

Umemaliza? Haya, tuendelee.

Baiskeli yangu ni ya mtumba. Ni zile wanazoziita za kupandia milima, ingawa mlima pekee ninaoupanda nayo ni ule wa kwenda Mlimani, nikimfuata rafiki yangu anayesoma shahada ya pili. Fremu ni ya alumini, magurudumu inchi 26, gia 21 kwa maandishi na 5 kwa vitendo. Niliinunua Ilala mwaka jana baada ya kupiga hesabu na kugundua kwamba nauli za daladala zinakula karibu nusu ya ninacholipwa kwa habari moja. Sisi waandishi wa kujitegemea tunalipwa kwa kila habari inayotoka. Isipotoka, nauli yako umeitupa. Baiskeli haina nauli, na foleni inaitazama kwa mbali tu.

Siku ile ya kununua niliizunguka mara mbili nikaona kuna kitu kinakosekana. Nikamuuliza muuzaji, "Kaka, stendi iko wapi?" Akanitazama kama mtu aliyetoka kijijini asubuhi hiyohiyo. "Hizi za kisasa haziji na stendi, bosi. Stendi ni mambo ya Phoenix za wazee. Hii ni ya michezo."

Nikaona aibu kuuliza tena. Na kusema kweli, alikuwa na ukweli wake. Baiskeli za mashindano na za milimani nyingi hutengenezwa bila stendi. Mtengenezaji anapunguza uzito, na huko porini kile kichuma kinaweza kunasa kwenye mizizi au kugongagonga njia nzima. Ila mimi sishindani na mtu wala siendi porini. Mimi naenda kwenye mikutano ya wananchi, mahakamani, misibani na sokoni, na kote huko nikifika nashuka na kuiacha baiskeli dakika 40 au saa nzima. Hilo muuzaji hakuniuliza, na mimi sikujiuliza.

Basi kwa miezi minane nikaishi kwa kuegemeza. Niliegemeza kwenye kuta za watu, nguzo za umeme, miembe, vibanda vya vocha, na siku moja kwenye gari la mheshimiwa ambaye dereva wake bado ananikumbuka vibaya. Mama mmoja wa Manzese alinifukuza kwa sababu ukuta wake ulikuwa umepakwa chokaa jana yake na usukani wangu ukauchora mstari. Nikaomba radhi, nikaondoka, nikaenda kuegemeza kwenye ukuta wa jirani yake. Sikuona tatizo. Niliona watu wa mji huu wana hasira za bure.

Sasa ije ile siku yenyewe.

Nilitumwa kwenye mkutano wa wananchi kuhusu mfereji wa maji ya mvua. Mfereji umeziba, mvua ikinyesha maji yanaingia majumbani, watoto wanaugua matumbo. Habari ya kawaida ya mji wetu, lakini kwa wanaoishi pale si ya kawaida hata kidogo. Nikafika nimechelewa, jasho linanitoka, mkutano umeshaanza. Nikaiegemeza baiskeli kwenye kijiukuta kifupi kando ya mfereji, begi langu nikaliacha limening'inia kwenye usukani kwa sababu ndani kulikuwa na chupa ya maji na kitabu tu. Nikatoa daftari na kinasa sauti, nikaingia kwenye kundi.

Pembeni ya kile kijiukuta kulikuwa na kijana anauza mayai ya kuchemsha. Unawajua. Trei ya mayai, kindoo cha kachumbari, chumvi kwenye kikopo, pilipili kwenye chupa. Miaka 14 au 15, si zaidi. Alikuwa ameweka trei yake chini apumzishe mkono.

Sikuona baiskeli ilipoanza kuanguka. Nilichosikia ni kengele yangu ikilia mara moja, kisha mlio wa chuma juu ya saruji, kisha watu wakisema "Ayaaa!" Nilipogeuka, baiskeli imelala, gurudumu la mbele linazunguka polepole, na mayai yanabingirika mmoja mmoja kuingia kwenye mfereji uleule tuliokuwa tunaujadili. Kachumbari yote chini. Yule kijana hakupiga kelele. Alichuchumaa akaanza kuokota yale yaliyobaki juu ya trei, akayahesabu kwa kidole. Manne.

"Yalikuwa mangapi?" nikamuuliza.

"Ishirini na nane, braza."

Yai moja shilingi 500. Mayai 24 ni shilingi 12,000. Mfukoni nilikuwa na 4,000, na kwenye simu sikuwa na kitu. Tarehe zenyewe zilikuwa zile ambazo mwandishi wa kujitegemea anatembea kwa imani.

Nikampa ile 4,000. Nikamwambia nyingine nitamtumia kwa simu. Akasema hana simu. Nikamwambia nitamletea kesho. Akasema, "Braza, mayai si yangu. Tajiri ananihesabia jioni. Twende ukamwambie wewe, mimi atasema nimekula."

Twende ukamwambie. Hilo ndilo alilotaka, si hata hela. Kwa tajiri wake ilikuwa mwendo wa dakika 15 tu. Na mimi nikatazama saa, nikatazama kule mbele mwenyekiti anaongea, nikakumbuka mhariri wangu anataka habari kabla ya saa kumi. Nikamwambia, "Nisubiri hapa, nikimaliza tunakwenda wote."

Wadau, mwaka jana niliandika makala ndefu kuhusu watoto wanaofanya biashara mitaani. Niliandika kwa uchungu mwingi. Watu walinipongeza. Sasa mtoto mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu akiniomba dakika 15, na nikamwambia asubiri.

Mkutano ulikwisha baada ya saa moja na nusu. Nilipotoka, baiskeli ilikuwa pale, mtu ameiinua na kuiegemeza vizuri kwenye ukuta mwingine. Kijana hakuwepo. Nikauliza, wakasema aliondoka muda mrefu, alikuwa analia. Habari yangu ya mfereji ilitoka kesho yake, ukurasa wa ndani, aya tano.

Jioni ile nikiwa chumbani kwangu Sinza nilifanya kile ambacho watu wengi hufanya wakiwa na hatia: nikatafuta cha kutengeneza. Kumtafuta kijana ilikuwa kazi ngumu na ya aibu. Kutafuta stendi ilikuwa kazi rahisi. Nikaanza na rahisi.

Nikampigia simu mzee wangu Kilosa kumsimulia. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na utoto wangu wote ulikuwa na Phoenix nyeusi mlangoni. Ile haikuegemea popote. Stendi yake ilikuwa kama herufi U iliyofungwa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Baba akifika anaikanyaga kwa mguu, anaivuta baiskeli nyuma kidogo, kang'! Gurudumu la nyuma linainuka juu ya ardhi na baiskeli inasimama wima kama mwanajeshi. Mimi na wadogo zangu tulikuwa tunazungusha pedeli kwa mkono hadi njiti za gurudumu zisionekane, tunasikiliza ule mvumo. Alama ya cheni iko kwenye kidole changu cha shahada mpaka leo.

Nikamweleza baba habari nzima, baiskeli, ukuta, mayai. Nikamuuliza, je, niweke stendi kama ya Phoenix yako? Kimya kidogo kwenye simu. Kisha akasema, "Na yule mtoto umemlipa?"

Nikasema bado namtafuta. Nilikuwa sijaanza.

"Haya," akasema baba. Baba akisema haya kwa sauti ile, unajua mazungumzo yamekwisha.

Kesho yake nikaenda Kariakoo. Nikakuta stendi za kila namna zinaning'inia kwenye waya kama samaki. Muuzaji wa kwanza akanipa ya alumini, nyepesi, mguu mmoja, inafungwa kwa bolti moja nyuma tu ya pedeli. Inayashika yale mabomba mawili ya fremu yanayokwenda gurudumu la nyuma: bamba moja juu, stendi chini, bolti inapita katikati inazibana. Shilingi 7,000. Nikamuuliza kama itaingia kwenye yangu. "Hiyo inaingia zote," akasema. Mtu akikwambia kitu kinaingia zote, shika hela yako vizuri. Mimi sikuishika.

Nikaifunga mwenyewe chumbani. Nilikuwa na spana ya kuazima na kiburi cha kwangu mwenyewe. Nikafanya makosa manne, na nayataja yote ili wewe usiyarudie.

Kosa la kwanza, sikuangalia waya wa gia. Kwenye baiskeli nyingi waya huo unapita chini ya pedeli na kufuata bomba la kulia kwenda nyuma. Nikaubana kati ya stendi na bomba. Gia zangu 5 zikawa 1.

Kosa la pili, nikakaza kama nafunga gurudumu la lori. Mabomba ya pale ni membamba, na ya alumini hayapendi kubanwa. Nilipofungua kurekebisha waya nikakuta bomba la kushoto limebonyea kidogo. Baadaye nikaja kuambiwa kwamba unaweka kwanza vipande vya mpira wa ndani uliokufa kati ya chuma na fremu, unakaza mpaka stendi isicheze ukiisukuma kwa mkono, basi. Baada ya siku mbili tatu unakaza tena kidogo, kwa sababu mpira hujikandamiza ukalegea.

Kosa la tatu, sikupima urefu kabla ya kununua. Stendi ilikuwa ya baiskeli yenye magurudumu makubwa kuliko yangu. Nikaisimamisha, ikasimama karibu wima kabisa. Nikafurahi. Nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama, upepo wa dirishani ukapita, baiskeli ikaangukia kulia. Na kulia ndiko kuna cheni na mashine ya gia ya nyuma. Stendi ya mguu mmoja haitaki baiskeli isimame wima. Inataka ilale kidogo kushoto, uzito uegemee ule mguu. Ikiwa wima haina inachoegemea, kwa hiyo kitu chochote kinaisukuma upande wa pili.

Kosa la nne ndilo la kijinga zaidi. Nikaazima msumeno wa chuma kwa fundi bomba wa jirani nikakata sentimita tatu kwa mkupuo mmoja. Nilikadiria kwa macho. Nikairudisha chini, baiskeli ikalala kama mlevi anayetafuta ukuta. Chuma ukishakikata hakioti. Elfu 7 yangu ikaishia pale, na bado sikuwa na stendi.

Jumamosi nikaikokota kwenda Mwananyamala kwa fundi baiskeli mmoja anayekaa chini ya mwarobaini. Mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na sanduku la spana ambalo kila spana iko mahali pake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akaitazama stendi. "Nani kaikata hii?"

"Mimi, mzee."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Chuo, mzee. Nina shahada."

Akatikisa kichwa polepole. "Na huko hakuna futikamba?"

Vijana waliokuwa wanasubiri kuzibiwa pancha wakacheka mpaka nikacheka na mimi.

Kisha mzee akaniuliza maswali matatu, na naapa yalikuwa mazuri kuliko maswali mengi ninayowauliza waheshimiwa. Baiskeli inabeba nini? Unaiweka wapi, juu ya saruji au mchanga? Na unaiacha muda gani bila kuiangalia?

Nikamjibu. Inabeba begi, mara nyingine kwenye usukani, mara nyingine kwenye keria. Naiweka popote, saruji, vumbi, tope, mchanga. Naiacha hata saa mbili.

Akanieleza hivi, nami naandika kadiri nilivyomwelewa.

Stendi ya katikati ya mguu mmoja, kama niliyoiharibu, inafaa baiskeli nyepesi isiyobeba mzigo nyuma. Ukiweka mzigo kwenye keria, uzito uko nyuma na mguu uko katikati, kwa hiyo baiskeli inatafuta kugeuka. Tena mara nyingi ukiirudisha nyuma wakati stendi iko chini, mkono wa pedeli wa kushoto unaigonga.

Stendi ya katikati ya miguu miwili inasimamisha baiskeli wima na kuinua gurudumu moja. Ni nzuri kwa mwenye mizigo au kiti cha mtoto. Lakini ni nzito, inahitaji ardhi iliyo sawa, na inahitaji nafasi ya kutosha nyuma ya pedeli, ambayo fremu yangu haina.

Stendi ya U kama ya baba, ile ya Phoenix, kwa mzee yule ndiyo mfalme. Gunia la mkaa linasimama juu yake. Lakini inafungwa kwenye ekseli ndefu yenye nati pande zote mbili. Akanionyesha yangu: ekseli ina tundu katikati, na ndani yake umepita msumari mwembamba wenye kishikio cha kufungulia kwa mkono. Hakuna uzi wa nati wa kushikia miguu ya stendi. Nilihuzunika kidogo. Nilikuwa nimeshaanza kuisikia ile kang' masikioni.

Iliyobaki ni stendi ya nyuma ya pembeni. Inafungwa kushoto, karibu na ekseli ya nyuma, pale ambapo bomba linaloshuka kutoka chini ya kiti linakutana na lile linalotoka kwenye pedeli. Inayabana mabomba yote mawili. Mguu wake uko karibu na mzigo wa keria, hauko kwenye njia ya pedeli wala ya waya wa gia, na urefu wake unarekebishwa kwa skrubu bila msumeno. Baiskeli yenye breki ya diski lazima uangalie kwanza, maana diski nayo inakaa upande huohuo na huenda nafasi isitoshe. Yangu ina breki za mpira zinazobana rimu, kwa hiyo haikuwa na tatizo.

"Nunua hiyo, uje nayo," akasema. "Usiifunge mwenyewe."

Nikaenda nikanunua, shilingi 18,000. Hela ya habari mbili. Njiani nikawaza kwamba kwa stendi mbili nilikuwa nimeshatumia 25,000, na yule kijana ananidai 8,000 ambayo sijampelekea. Kwa stendi hela ilipatikana. Hilo lilinikaa vibaya sana, na bado linanikaa.

Mzee aliifunga kwa dakika 20. Alikata vipande viwili vya mpira wa ndani, akavizungushia kwenye mabomba. Akaweka stendi, akaingiza bolti kwa vidole kwanza, zote mbili, kisha ndipo akachukua ile spana iliyopinda kama herufi L akakaza kidogo huku na kidogo kule, kwa zamu. Akazungusha gurudumu kuhakikisha njiti hazigusi. Akaipandisha stendi juu akazungusha pedeli nyuma kuona kama kisigino changu kitaigusa. Kisha akaniambia niweke begi langu kwenye keria.

"Kwa nini mzee?"

"Unapima urefu baiskeli ikiwa tupu, halafu unaitumia ikiwa na mzigo? Mzigo unaminya matairi. Jaza upepo kwanza, weka mzigo, ndiyo upime."

Tukajaza upepo. Akaishusha kidogo, akatazama, akaipandisha tena kidogo. Alipomaliza, baiskeli ilikuwa imelala kushoto kiasi tu, kama mtu anayekusikiliza. Akaitikisa kwa kiti. Akaitikisa kwa usukani. Ikabaki.

Halafu akanionyesha kitu ambacho ndicho kilichoangusha mayai, na sikuwahi kukifikiria. Akashika gurudumu la mbele akaligeuza kwa kidole kimoja. Baiskeli nzima ikaanza kusogea. "Wewe uliegemeza baiskeli," akasema, "lakini gurudumu la mbele hukuliambia lisimame." Begi lililokuwa kwenye usukani lilivuta usukani upande mmoja, gurudumu likageuka, baiskeli ikateleza kwenye ukuta ikaanguka. Hata ungekuwa na stendi, gurudumu likibingirika mbele, stendi inajikunja kurudi nyuma na baiskeli inalala.

Dawa yake ni kipande cha mpira wa ndani, upana wa kidole, unakizungusha kwenye mkono wa breki ya mbele ili breki ibaki imebanwa unapoegesha. Bei yake ni bure. Ukiwa kwenye mteremko, elekeza baiskeli upande wa juu, ikitaka kubingirika irudi nyuma, maana ikirudi nyuma stendi inazidi kujikaza. Na kwenye mchanga akanipa kipande cha soli ya kandambili iliyokufa, kikubwa kama kiganja, niweke chini ya mguu wa stendi usizame. Nakibeba kwenye begi. Mgongo wa begi unanuka kandambili, lakini baiskeli inasimama.

Nikamlipa 2,000. Nikamwambia habari ya mayai, sijui kwa nini. Akafuta mikono kwa kitambaa. "Sasa hii umeshafunga," akasema, akarudi kwenye pancha zake.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kabla ya kwenda kazini nilipita mtaa ule wa mfereji. Sikumwona. Wauza mayai wengine wakaniambia huyo siku hizi anapita upande wa pili, hapa hapendi tena. Nikauliza tajiri wake ni nani, wakanitazama kwa mashaka. Mtu mwenye kalamu na daftari anayemtafuta mtoto muuza mayai, nani atamwonyesha? Alhamisi nikaliacha daftari nyumbani.

Nikamkuta saa nne hivi, kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi, ana trei mkononi. Nikashuka. Nikaishusha stendi kwa mguu, nikazungusha ule mpira kwenye breki, nikaiachia baiskeli. Ikasimama yenyewe. Nilijua ananitazama.

Aliitazama baiskeli kwanza. Aliitazama kwa muda, kuanzia juu mpaka kwenye ule mguu wa stendi. Kisha akachukua kindoo chake cha kachumbari kilichokuwa chini akakihamishia upande wa pili, mbali kabisa. Ndipo akanitazama mimi.

"Mambo, mdogo wangu."

"Poa."

Nikamwomba radhi. Sikuwa na maneno mengi, nilisema nilimwambia asubiri na haikuwa haki. Nikatoa 8,000. Akazipokea kwa mikono miwili, akazihesabu, akazikunja.

"Tajiri alisemaje siku ile?"

"Alinikata. Elfu tatu tatu, siku nne."

Elfu 12 kamili. Kwa hiyo tajiri hakuhesabu hata ile 4,000 niliyotoa.

"Ile elfu nne ulimwambia nimekupa?"

"Nilimpa. Akasema hiyo ni ya kachumbari na trei."

Nikamwambia, basi twende sasa hivi nikamweleze, zile dakika 15 ninazo leo. Akatikisa kichwa haraka. Ameshamaliza kukatwa, akasema, akienda kuyaamsha yale maneno tajiri atafikiri ameleta mtu wa kumshtaki. Nilitaka kumbishia. Kisha nikaelewa kwamba muda wa kwenda ulikuwa siku ile, alipouomba yeye. Leo ningekuwa nakwenda kwa ajili yangu.

Nikaongeza 4,000 nyingine. Hiyo hakuitaka mara moja. Akauliza ya nini. Nikasema ya kachumbari na trei. Hapo akatabasamu kidogo, akaiweka pamoja na zile nyingine.

Nikanunua mayai mawili. Akanimenyea, akayapasua, akajaza kachumbari, pilipili nikamwambia kidogo. Tukasimama pale, mimi nakula, yeye anaita wateja. Lori la mchanga likapita karibu, ardhi ikatetemeka, wote wawili tukageuka kwa pamoja kuitazama baiskeli.

Haikuanguka. Lakini niliona kwamba mkono wake ulikuwa umeshaishika trei.

Haya wadau, kama una baiskeli isiyo na stendi, sasa unajua pa kuanzia. Pima kwanza, kata baadaye, na gurudumu la mbele uliambie lisimame. Na kama kuna mtu amekwambia "twende ukamwambie," nenda naye siku hiyohiyo.

Alamsiki.